Dizeli Lilikuwa Jina la Mtu

Kila kituo cha mafuta hapa Nakuru kimeliandika neno hilo kwenye ubao wa bei, katikati ya petroli na mafuta taa. Tumelizoea hata tunaliandika kwa herufi ndogo, kama chumvi au sukari. Wachache wanakumbuka kwamba lilikuwa jina la ukoo, na kwamba mwenye jina alipotelea baharini akiwa na umri wa miaka 55, madeni yamemfika shingoni, bila kuliona hata gari dogo moja la injini yake likiuzwa kwa watu.

Mimi ni mtu wa Pwani niliyeletwa huku juu na kazi. Kwa miaka kadhaa sasa namiliki gari dogo la dizeli la milango minne, la aina inayotengenezwa kwa ajili ya mwendo: injini ya lita mbili, turbo, na gia sita. Mwenye gari kama hili analazimika kujifunza injini yake, maana fundi akijua kwamba hujui, mfuko wako umekwisha. Katika kujifunza ndipo nilipokutana na maisha ya Rudolf Diesel, na tangu hapo kila nikifungua boneti namkumbuka.

Alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani wa Bavaria. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi. Mwaka 1870 vita vilipozuka kati ya Ufaransa na Wajerumani, familia hiyo haikuwa na mahali tena Paris, ikakimbilia London. Huko maisha yakawa magumu zaidi, na Rudolf, mtoto wa miaka 12, akapelekwa Augsburg kuishi kwa jamaa aliyekuwa mwalimu wa hisabati. Hapo akasoma shule ya ufundi, akawa wa kwanza, na mwaka 1875 akapata ufadhili wa kwenda chuo cha ufundi cha Munich, ingawa wazazi walitaka aanze kuchuma.

Mwalimu wake Munich alikuwa Carl von Linde, yule aliyetengeneza mashine za baridi na barafu. Linde aliwafundisha kwamba injini ya mvuke, hata ile nzuri, inageuza takriban sehemu moja tu ya kumi ya joto la makaa kuwa kazi. Zilizobaki zinapotea hewani. Kijana Diesel aliandika pembeni mwa daftari lake kwamba jambo hilo lichunguzwe. Maisha yake yote yaliyofuata ni jibu la alama ile ya pembeni.

Mwaka 1879 homa ya matumbo ilimfanya akose mtihani wa mwisho. Akafanya kazi kwa muda katika kiwanda cha Sulzer, Uswisi, akarudi kuufanya mtihani mwaka 1880 na kupita kwa alama za juu kabisa. Linde akampeleka Paris kusimamia kiwanda cha barafu. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche, wakapata watoto watatu. Mchana alitengeneza barafu, na muda uliobaki alikuwa akihangaika na injini.

Msomaji, chukua pampu ya baiskeli, pampu kwa nguvu, kisha ishike upande wa chini. Imepata joto, na hukuwasha kitu. Hewa ikishindiliwa inapata joto, na hilo ndilo wazo lote. Injini ya petroli inangoja cheche ya plagi. Ya Diesel inashindilia hewa tupu ndani ya silinda mpaka joto linapita nyuzi 500, ndipo mafuta yananyunyizwa humo na kuwaka yenyewe. Zile plagi za joto tulizo nazo leo ni za kuiamsha tu asubuhi, na asubuhi ya Molo mtu yeyote anahitaji kuamshwa.

Aliomba hataza yake Februari 1892, akaipata mwaka uliofuata, na kiwanda cha mashine cha Augsburg, ambacho baadaye kilikuja kuitwa MAN, kikakubali kumjengea mashine, pamoja na fedha za Krupp. Tarehe 10 Agosti 1893 waliijaribu. Mafuta yaliwaka kweli, lakini shinikizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba kipimo kilichofungwa juu ya silinda kilipasuka na vipande vikaruka karibu na vichwa vyao. Mtu mwingine angeliacha. Yeye alifurahi, kwa sababu mafuta yaliwaka bila cheche. Februari 1894 injini ilizunguka kwa nguvu zake yenyewe kwa muda wa kama dakika moja. Ikachukua miaka mitatu mingine. Tarehe 17 Februari 1897 Profesa Moritz Schröter aliipima mbele ya watu: asilimia 26 ya joto la mafuta iligeuka kazi. Hapakuwa na injini nyingine ya joto duniani iliyofika hapo.

Nataka nikae kidogo kwenye hiyo asilimia, kwa sababu ndiyo inayonigombanisha na mafundi wa hapa.

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa huku ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa, na ukipanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, linapungua tena. Hewa ikipungua na mafuta yakabaki yale yale, mafuta hayaungui yote; yanatoka kwenye bomba yakiwa masizi. Ndiyo maana lori kuukuu lisilo na turbo likipanda kutoka Salgaa kwenda Sachangwan linaacha wingu jeusi ambalo walio nyuma wanalivuta nusu saa nzima. Dawa ya hewa nyepesi ni turbo. Mswisi Alfred Büchi alilisajili wazo hilo mwaka 1905, naye baadaye alifanya kazi Sulzer, kiwanda kile kile alichopitia Diesel. Turbo inatumia nguvu ya moshi unaotoka kusukuma hewa zaidi ndani. Nikishuka Mombasa gari langu ni jepesi; nikirudi juu bado ni jepesi, kwa sababu ya kifaa hicho kinachotosha kiganjani.

Mafundi wa Nakuru ni hodari, sitaki kuwavunjia heshima. Wamekulia kwenye magari ya mashamba na matatu za Peugeot 504 zilizokuwa zikikimbia kwenda Nairobi enzi hizo. Lakini karibu kila niliyempelekea gari ametaka kunifanyia mambo mawili: kung'oa chujio la masizi lililo kwenye bomba la moshi, na kuibadilisha programu ya kompyuta ili mafuta yaingie mengi zaidi. Wanasema gari litapumua. Vijana wengine wanaitaka kazi hiyo hasa kwa ajili ya moshi wenyewe, ule unaotoka kwa fujo ukikanyaga, waonekane wana nguvu.

Moshi mweusi ni mafuta uliyoyalipia na hukuyatumia. Rudolf Diesel alitoa miaka 20 ya maisha yake ili tusifanye hivyo. Na masizi hayo yana mahali pa kwenda: mapafu ya mwenye kibanda cha mahindi ya kuchoma kando ya barabara, na mtoto anayerudi shule pale mlimani ambapo malori yote yanashusha gia. Chujio langu lilipoziba nililipeleka kusafishwa, nikalipa pesa zilizonifanya nile ugali na sukuma wiki mwezi mzima. Sasa nalitunza. Chujio linajisafisha likipata joto la safari ndefu, na safari fupi za mjini ndizo zinazoliua. Kwa hiyo mara mbili kwa mwezi nachukua barabara ya Gilgil, napita Elementaita, hadi Naivasha na kurudi bila kusimamasimama. Mke wangu anaamini hiyo ni njama ya kwenda kula samaki, na simbishii. Programu nimeiacha kama ilivyo. Nguvu niliyoongeza nimeipata kwa matairi mazuri, breki mpya, bomba za turbo zisizovuja na nozeli zilizopimwa kwenye mashine badala ya kukisiwa kwa sikio.

Mafuta yenyewe yanatoka kwetu. Yanashuka Kipevu, yanasukumwa kwa bomba lililofika Nairobi mwaka 1978 na kuletwa huku Bonde la Ufa mwaka 1994. Tangu 2015 dizeli ya nchi za Afrika Mashariki imetakiwa kuwa na salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, hivyo ile hoja ya kwamba mafuta yetu ni machafu mno kwa chujio haina nguvu kama zamani.

Nimetaja Sachangwan. Tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilianguka pale, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Hupiti pale bila kukumbuka. Mvuke wa petroli unangoja cheche moja tu. Dizeli ni nzito, inataka joto kwanza, na hiyo ni sababu moja iliyofanya wanamaji waipende. Sisemi hivyo ili mtu asogee na mtungi likianguka la dizeli.

Turudi kwa mwenyewe. Baada ya 1897 fedha zilimjia kwa kishindo. Adolphus Busch, tajiri wa bia wa St. Louis, alinunua haki za Marekani kwa mark milioni moja. Diesel akajenga jumba la fahari Munich. Afya ikavunjika mwaka 1898 akalazwa kwa ajili ya mishipa ya fahamu. Fedha akazitia kwenye visima vya mafuta vya Galicia na kwenye viwanja, zikapotea. Wapinzani wakamfuata kwa kesi wakidai wazo si lake. Alikuwa mhandisi wa ajabu na mfanyabiashara dhaifu, na sidhani kuna njia laini ya kusema hivyo.

Katika maonyesho ya Paris ya 1900, injini moja ya dizeli iliyoletwa na kampuni ya Otto iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka kujua kama makoloni yake ya Afrika yangeweza kujiendeshea mitambo kwa zao linalomea kwao. Diesel alilikumbuka jambo hilo, na mwaka 1912 alieleza kwamba mafuta ya mimea, ingawa yalionekana mchezo wakati huo, huenda siku moja yakawa na thamani kama petroli. Mtu wa Pwani akisoma hapo lazima aufikirie mnazi.

Shabaha yake ya mwanzo ilikuwa injini ndogo kwa ajili ya fundi mdogo, ili seremala na mfumaji wasimezwe na kiwanda chenye mvuke. Mwaka 1903 aliandika kitabu juu ya ushirika wa wafanyakazi, nacho hakikununuliwa. Injini yake ikaenda kwa wakubwa: meli, mitambo ya umeme, nyambizi za vita. Ilikuwa kubwa mno kwa gari, kwa sababu mafuta yalipulizwa ndani kwa hewa ya kompresa nzito. Pampu ndogo ya Bosch ilikuja mwaka 1927, na Mercedes wakauza gari lao dogo la dizeli mwaka 1936. Mwaka 1959 Karl Kling alishinda mbio ndefu za kutoka Mediterania hadi Cape Town kwa Mercedes 190 D, gari la dizeli la milango minne kama la mwalimu mkuu. Lakini ukienda Subukia ukasikia kinu cha posho kikigonga jioni, mwenye kinu ni mmoja na mashine ni moja, hapo umeisikia ndoto ya Diesel mwenyewe.

Tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli Dresden bandarini Antwerp kwenda Harwich, Uingereza, ambako kiwanda kipya cha injini zake kilikuwa kikimngoja Ipswich. Alikula chakula cha jioni na wenzake wawili, wakatembea kidogo sitahani, na kama saa nne usiku akaingia chumbani akiwa ameomba aamshwe asubuhi saa kumi na mbili na robo. Asubuhi kitanda kilikuwa hakijalaliwa. Kofia na koti lake vilikutwa vimepangwa vizuri karibu na reli ya meli.

Magazeti ya wakati ule yalisema kila kitu: ameuawa na matajiri wa mafuta, ametupwa na majasusi wa Ujerumani asiuze siri za nyambizi. Mimi naona mkoba. Kabla ya safari alimwachia Martha mkoba na kumwomba asiufungue mpaka wiki ifuatayo. Ndani mlikuwa na fedha taslimu, na karatasi za benki zilizoonyesha kwamba akaunti zao zilikuwa tupu. Muuaji hapangi urithi wa mjane.

Siku kama kumi baadaye mabaharia wa chombo cha Uholanzi waliuona mwili ukielea. Ulikuwa umeharibika sana. Walitoa vitu vilivyokuwa mifukoni, kasha la vidonge, kisu kidogo na kasha la miwani, kisha wakauachia mwili maji. Mwanawe Eugen alikwenda Vlissingen, akawekewa vitu hivyo mezani, na akavitambua kuwa vya baba yake.