Mwalimu Nyerere na Swali la Elimu na Maisha: Funzo kwa Walimu wa Mara

Utangulizi

Ni desturi yetu walimu, tunapojadili mbinu za kufundisha, kuanza na wanafalsafa wa nchi za mbali. Vitabu vyao vina faida na wanachuo hawana budi kuvisoma. Hata hivyo, sisi tunaofundisha katika mkoa wa Mara tunaye mtu wa hapa hapa aliyelitafakari kwa muda mrefu swali lililo gumu kuliko yote katika kazi yetu, nalo ni hili: je, elimu ya shuleni humwandaa mtoto kwa maisha ya utu uzima? Mtu huyo ni Julius Kambarage Nyerere. Wengi humkumbuka kama kiongozi wa taifa. Katika makala haya tutamtazama kama mwanafunzi, kama mwalimu na kama mtunga sera ya elimu, kisha tutajaribu kuonyesha ni jambo gani mwalimu wa leo, mathalani yule aliyepangiwa shule ya upande wa Kemambo, anaweza kujifunza kutokana na maisha hayo.

Elimu ya nyumbani

Kambarage alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili, 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, na mama yake aliitwa Mgaya. Mpaka alipofikia umri wa miaka 12 hakuwa ameingia darasani. Alichunga mbuzi, alimsaidia mama yake shambani, na jioni alisikiliza mazungumzo ya wazee waliokuja kwa mtemi kuamuliwa mashauri yao. Kadhalika alijifunza kucheza soro, yaani bao la huku kwetu. Husimuliwa kwamba ustadi wake katika mchezo huo ndio uliomvutia Makongoro, mtemi wa Ikizu, hata akamshauri Burito ampeleke kijana huyo shule.

Mambo hayo tuyatazame kwa jicho la kazi yetu. Mtoto anayechunga hujifunza kuhesabu bila daftari, kwani mbuzi mmoja akipotea atajibu jioni. Mtoto anayecheza soro hujifunza kukadiria hatua kadhaa mbele kabla ya kugusa kete. Mtoto anayesikiliza mashauri hujifunza kwamba neno lina upande wa pili, na kwamba hukumu hungoja ushahidi. Katika elimu ya namna hiyo, kazi na fikra havikutenganishwa, na kosa lilijulikana siku ile ile.

Mwanafunzi aliyeteuliwa

Mwaka 1934 Kambarage alianza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma, yapata kilometa 40 kutoka Butiama. Mwaka 1937 aliingia shule ya serikali ya Tabora, iliyoendeshwa kwa mfano wa shule za bweni za Uingereza na ambayo awali ilikusudiwa hasa kwa watoto wa watemi. Baba yake alifariki mwaka 1942, na mwaka uliofuata kijana huyo akaenda Makerere, Uganda. Alihitimu mwaka 1945 akiwa na stashahada ya ualimu.

Njia hiyo ilikuwa na mafanikio makubwa kwake, lakini tusisahau ilivyokuwa kwa wengine. Kila hatua ilikuwa ni mchujo. Shule ilichukua wachache, ikawaondoa vijijini kwao, ikawapa lugha, mavazi na matumaini ya ofisini. Waliobaki nyuma walirudi nyumbani wakiwa na alama moja tu mioyoni, nayo ni kwamba wameshindwa. Nyerere alikuwa miongoni mwa walioteuliwa, na pengine kwa sababu hiyo aliuelewa mfumo huo kutoka ndani.

Mwalimu na nyumba ya Butiama

Baada ya Makerere alifundisha Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria mpaka mwaka 1949, alipokwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uingereza. Alirejea mwaka 1952 akiwa na shahada ya M.A. Kabla ya kuanza kazi alikaa Butiama akajenga nyumba kwa mikono yake mwenyewe, na watu wakastaajabu kumwona msomi wa Ulaya akikanyaga udongo. Mwaka 1953 alimwoa Maria Gabriel, mwalimu mwenzake, mzaliwa wa Baraki, ambayo wakati huo ilikuwa katika Tarime na siku hizi iko Rorya. Kisha akafundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisi, Pugu, karibu na Dar es Salaam.

Kushangaa kwa watu wa Butiama ni jambo la kutiliwa maanani na walimu. Hakukuwa na cha ajabu katika kujenga nyumba, kwa kuwa kila mwanamume wa kijiji alijenga. Ajabu ilikuwa kwamba aliyesoma anajenga. Maana yake ni kwamba shule ilikwisha kuwafundisha wazazi, hata wale wasiofika darasani, kwamba elimu ni njia ya kuikimbia kazi. Funzo hilo halikuandikwa katika muhtasari wowote wa masomo, lakini lilieleweka kuliko masomo yote.

Mwaka 1954 Nyerere aliongoza kuundwa kwa TANU, na mwaka 1955 alilazimika kuchagua kati ya siasa na ualimu. Aliacha kazi ya shule. Alikuwa amefundisha kwa miaka michache tu, lakini jina la Mwalimu lilibaki naye mpaka kaburini.

Elimu ya Kujitegemea

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, watoto wa shule za msingi walikuwa 486,000, na katika sekondari zote walikuwamo wanafunzi 11,832, ambao kati yao 176 tu walikuwa kidato cha sita. Serikali ilifuta ubaguzi wa rangi katika shule na kupanua nafasi. Kufikia mwaka 1967 watoto wa shule za msingi walikuwa 825,000 na wale wa sekondari 25,000. Hata hivyo, katika kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, 87 hivi hawakuwa na nafasi ya kuendelea.

Hapo ndipo Nyerere alipotoa, Machi 1967, waraka wa Elimu ya Kujitegemea, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha. Alieleza kwamba elimu tuliyoirithi iliwaandaa wachache kwa ajili ya sekondari na kuwaacha wengi wakijiona wameshindwa. Kwamba iliwatenga wanafunzi na jamii yao. Na kwamba ilimfanya mtoto aamini kuwa maarifa yote yamo katika vitabu na kwamba mkulima mzee hana la kumfundisha. Alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, si daraja tu la kuendea mbele. Alitaka pia watoto waanze shule wakiwa wakubwa kidogo, ili wanapomaliza wawe wamekaribia umri wa kujitegemea.

Wengi huusoma waraka huo kana kwamba unahusu shamba la shule tu. Kama ingekuwa hivyo, usingekuwa na jipya. Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924 ilikwisha kupendekeza kilimo shuleni, na shule za kati za miaka ya 1950 zililimisha watoto mpaka wazazi wakanung'unika kwamba Mwafrika anapewa jembe ili asipewe kitabu. Jambo jipya la Nyerere lilikuwa uamuzi. Alitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi za shamba lao, waweke hesabu zake, wajue faida na hasara, na waamue pamoja na walimu jinsi ya kutumia mapato. Alionya shamba la shule lisiwe kama shamba la bwana mkubwa lenye vibarua wadogo.

Yaliyofuata

Matunda yalionekana. Kampeni ya elimu ya watu wazima iliendeshwa nchi nzima tangu mwaka 1970. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986 hesabu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua walikuwa takribani mmoja katika kumi. Mwaka 1974 Azimio la Musoma lilitaka elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mapema, na mwaka 1977 utekelezaji wake ulianza. Vijana waliomaliza darasa la saba waliandaliwa vijijini kuwa walimu, huku wakijifunza kwa vipindi vya redio na kwa posta.

Lakini hatuna budi kusema ukweli wote. Madarasa yalijaa kuliko vitabu na walimu waliokuwapo. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi uliendelea kuwa mchujo, kwa hiyo mwalimu aliendelea kufundisha kwa ajili ya mtihani. Katika shule nyingi shamba likawa kazi ya mchana baada ya masomo, mazao yakauzwa bila wanafunzi kuonyeshwa hesabu, na mwanafunzi aliyechelewa akapewa jembe kama adhabu. Mtoto hawezi kuheshimu kitu anachopewa kama adhabu. Hivyo lile funzo la zamani, kwamba msomi hagusi udongo, likaendelea kufundishwa na shule zile zile zilizokusudiwa kulifuta.

Kwa maoni yetu, kosa hili lilikuwa la mbinu kuliko la nia. Kazi iliwekwa kando ya somo badala ya kuingizwa ndani ya somo.

Mwalimu wa Kemambo afanye nini?

Tuchukue mazingira ya Kemambo na vijiji vingine vya Tarime na Serengeti. Watu hufuga ng'ombe, hulima mahindi na mihogo, na tangu mgodi mkubwa wa North Mara uanze uzalishaji mwaka 2002, dhahabu imekuwa sehemu ya mazungumzo ya kila nyumba. Mtoto atakapokuwa mtu mzima atahitaji kupima ardhi, kusoma mkataba, kutunza mifugo na afya yake, na kusema katika mkutano wa kijiji. Somo gani linamwandaa kwa hayo?

Kwanza, hisabati. Vijijini hutumika kipimo cha hatua 70 kwa hatua 70 kuwa ekari moja. Mwalimu awatoe wanafunzi nje, wapime kwa hatua zao, kisha kwa futikamba. Mwenye hatua ya sentimeta 90 atapata mraba wa meta 63 kila upande, yaani meta za mraba 3,969, ambazo zinakaribia ekari halisi ya meta za mraba 4,047. Mwenye hatua ya sentimeta 75 atapata meta 52.5 kila upande, yaani 2,756 tu. Karibu theluthi ya ekari imepotea! Wanafunzi wajadili nani hupata hasara mpimaji mfupi anapopima shamba la kulimiwa kwa malipo, au ardhi inayotakiwa kulipiwa fidia. Eneo la mraba halitasahaulika tena.

Pili, Kiswahili. Badala ya kuandika barua ya kubuni kwa rafiki asiyekuwapo, wanafunzi waendeshe mkutano kuhusu bustani ya shule, wachague mwenyekiti na katibu, waandike kumbukumbu na kupigia kura matumizi ya mapato. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mkutano mkuu wa kijiji una sauti katika ugawaji wa ardhi. Mtu asiyejua kuuliza swali na kudai kumbukumbu zisomwe, ataamuliwa na wenzake.

Tatu, sayansi. Ndigana kali huletwa na kupe, na wazee wafugaji wanajua dalili zake kabla ya kitabu. Mzee mmoja aalikwe darasani aeleze, kisha mwalimu aongeze habari za vimelea na mpango wa kuogesha mifugo. Vivyo hivyo zebaki: wachimbaji wadogo huitumia kukamata dhahabu na kuichoma, na mvuke wake hudhuru ubongo, hasa wa watoto. Somo la mabadiliko ya maada kuwa mvuke lina kazi kubwa mahali kama hapa, kwa kuwa laweza kuokoa mtu wa nyumbani.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji fedha nyingi au kinachopunguza maandalizi ya mtihani. Kinachohitajika ni andalio la somo linaloanza na swali la mahali pale.

Hitimisho

Nyerere alistaafu urais mwaka 1985, akarudi Butiama kulima na kuandika. Alifariki London tarehe 14 Oktoba, 1999, akazikwa kijijini kwao. Shule zimeongezeka sana tangu wakati wake. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeelekeza elimu ya lazima iwe ya miaka 10, na mtaala mpya ulioanza kutumika kwa awamu mwaka 2024 umefungua mkondo wa amali katika sekondari. Ni hatua njema. Lakini historia tuliyoieleza inatuonya kwamba sera nzuri huweza kuharibikia darasani. Karakana nayo yaweza kugeuka kuwa mahali pa kuwatupa wanaodhaniwa hawana akili, kama jembe lilivyogeuzwa kuwa adhabu.

Kwa hiyo sisi wakufunzi tuna wajibu. Mwanachuo anapokwenda mazoezi ya kufundisha, tusikague tu kama ubao umegawanywa vizuri na zana zimetundikwa. Tumwulize pia: mtoto wa darasa hili asiposonga mbele hata hatua moja baada ya leo, somo hili litamfaa nini atakaporudi nyumbani? Mwalimu mwenye jibu amekwisha kuanza kumwandaa mtoto huyo kwa maisha.