Martin Luther na Kazi ya Kupambanua Roho

Siku ya 2 Julai, mwaka 1505, kijana mmoja mwanafunzi wa sheria alikuwa akirudi Erfurt, katika nchi ya Ujerumani. Alipokaribia kijiji cha Stotternheim, radi ikapiga karibu naye, naye kwa hofu kuu akamwita Mtakatifu Anna, akaweka nadhiri ya kuwa mtawa. Kijana huyo ndiye Martin Luther, naye alikuwa na umri wa miaka 21. Haukupita mwezi akaingia katika nyumba ya watawa wa Augustino.

Baba yake, mzee Hans, mtu wa machimbo ya shaba, alikasirika sana. Hata mwaka 1507, Martin alipoongoza misa yake ya kwanza, mzee akaja pamoja na wageni wengi. Walipoketi kula, mwana akataka kumtuliza baba yake, akamkumbusha habari ya ile radi, kwamba ilikuwa wito kutoka mbinguni. Mzee akamwuliza kama ana hakika kwamba haikuwa hila ya Shetani; tena akamkumbusha amri ya kuwaheshimu baba na mama. Martin hakuwa na jibu la kumtosha. Miaka 14 baadaye, alipoandika kitabu juu ya nadhiri za watawa, alikiandika kwa heshima ya baba yake, akakiri ya kwamba swali lile lilimchoma moyo wala halikumtoka tena. Nami nadhani mchimba madini yule, asiyekuwa na elimu ya chuo, ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza katika kazi ya kupambanua roho.

Habari za mwaka 1517, na za kusimama kwake mbele ya Kaisari huko Worms mwaka 1521, wasomaji wetu wanazijua. Baada ya Worms, Frederick mtawala wa Saxony akaagiza afichwe katika ngome ya Wartburg. Huko alikaa miezi kumi, akafuga ndevu, akaitwa Bwana Jörg, akalitafsiri Agano Jipya kwa majuma machache tu.

Basi, yeye akiwa mafichoni, wakaja Wittenberg watu watatu kutoka mji wa Zwickau, siku chache tu baada ya Krismasi ya mwaka 1521. Mmoja wao, Nikolaus Storch, alikuwa mfumaji wa nguo. Walisema ya kwamba Mungu husema nao waziwazi, katika ndoto na katika maono, wala hawana haja ya kutegemea sana maandiko. Tena walikataa ubatizo wa watoto wachanga. Philip Melanchthon, rafiki ya Luther, mwenye elimu nyingi lakini kijana wa miaka 24 tu, akafadhaika. Aliogopa kuwakubali, na kuwakataa aliogopa vilevile, asije akamzimisha Roho wa Mungu. Ndugu msomaji, usimcheke. Mtu anaposema kwa machozi kwamba ametumwa na Bwana, ni mzee gani wa kanisa asiyetetemeka kidogo kabla ya kumjibu?

Luther akamjibu kwa barua mwezi wa Januari 1522. Hakumwagiza awafukuze, bali awapime. Kwanza aulize ni nani aliyewatuma, kwa maana Mungu hamtumi mtu pasipo wito unaojulikana kwa watu, au ishara za kuuthibitisha. Kisha aulize kama wamewahi kuonja uchungu wa rohoni, yaani ile hofu ya mtu anayejiona amehukumiwa mbele za Mungu. Wakisema kwamba mambo yao yote ni matamu na ya raha, asiwakubali, hata wakidai kuwa wamenyakuliwa mpaka mbinguni. Luther aliyapima hayo katika nafsi yake mwenyewe, kwani katika nyumba ya watawa alikuwa ameungama dhambi zake saa nyingi pasipo kupata amani, mpaka mkuu wake Staupitz alipomwelekeza kwenye majeraha ya Kristo.

Wakati huohuo fujo iliongezeka mjini. Sanamu zilivunjwa, na watu wanyonge wa imani walilazimishwa kushiriki Chakula cha Bwana kwa namna mpya iliyowatia hofu. Frederick hakutaka Luther atoke mafichoni, kwa maana Kaisari alikwisha kumtoa katika ulinzi wa sheria, na mtu yeyote angeweza kumwua. Yeye akarudi hata hivyo. Tangu Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, tarehe 9 Machi 1522, akahubiri siku nane mfululizo. Mengi yaliyokuwa yamebadilishwa aliyaona kuwa ya haki. Lakini alionyesha kwamba jambo la haki likitendwa pasipo upendo, roho iliyolitenda si njema. Mji ukatulia.

Mwaka 1535 kinyozi wake, Peter, alimwomba amfundishe kusali, naye akamwandikia kitabu kidogo. Kinyozi mwema, alisema, huangalia wembe wake tu, asije akamkata mtu pua. Sala nayo yataka moyo mzima. Tena, kama mtu akiwa katika Baba Yetu au katika Amri akijiwa na mawazo mema mengi, na aache maneno yake, anyamaze na kusikiliza, kwa maana hapo Roho mwenyewe anahubiri. Angalieni, yeye aliyewakataa manabii wa Zwickau hakuikataa sauti ya Roho; aliitafuta ndani ya Neno.

Walakini si haki kuficha makosa yake. Mwaka 1539 alimshauri kwa siri Philip mtawala wa Hesse kwamba aweza kuoa mke wa pili, mke wa kwanza akiwa hai. Na mwaka 1543 aliandika juu ya Wayahudi maneno ya chuki mabaya mno, ambayo makanisa ya Kilutheri yameyakana. Aliyejua kuzipima roho za wengine hakuipima hasira yake mwenyewe.

Alifariki Eisleben, mji aliozaliwa, tarehe 18 Februari 1546, alikokwenda kuwapatanisha watawala wa Mansfeld. Siku mbili kabla ya kufa alikuwa ameandika karatasi ndogo, kwamba mtu asidhani ameyaonja Maandiko ya kutosha kama hajaliongoza kanisa pamoja na manabii muda wa miaka 100, na ya kwamba sisi sote ni waombaji mikono mitupu.