Mkono Uliokufa Ganzi

Tarehe 15 Septemba 1874, John Nevins Andrews alipanda meli katika bandari ya Boston, Marekani, pamoja na watoto wake wawili, Charles na Mary. Alikuwa mmisionari wa kwanza kutumwa rasmi ng'ambo na Kanisa la Waadventista Wasabato. Waumini walimfahamu kama mwandishi wa historia ya Sabato, tena alikwisha kuwa rais wa Konferensi Kuu. Lakini alisafiri akiwa mjane. Mkewe, Angeline, alifariki mwaka 1872, na kabla ya hapo walikuwa wamezika watoto wachanga wawili.

Huko Uswisi kazi ilikuwa nyingi na fedha zilikuwa haba. Baba na watoto wakafanya agano la kuzungumza Kifaransa nyumbani, ili wawafikie watu kwa lugha yao. Mwaka 1876, katika mji wa Basel, walianza kuchapisha gazeti la Kifaransa, Les Signes des Temps. Mary alikijua Kifaransa vizuri kuliko babake, naye akawa msaidizi wake mkubwa katika kusahihisha makala kabla hayajachapwa.

Kisha Mary akaugua kifua kikuu. Mwaka 1878 babake alikwenda naye Battle Creek, Marekani, akitumaini kwamba angepata matibabu. Alikaa kando ya kitanda cha binti yake mpaka mwisho. Mary alifariki mwezi Novemba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 17.

Andrews hakuficha maumivu yake. Katika barua kwa Ellen White alieleza kwamba alikuwa bado amemshika Mungu, lakini kwa mkono uliokuwa kama umekufa ganzi. Hakusikia faraja aliyoizoea, wala hakujifanya kuwa anaisikia. Hata hivyo hakuuachia mkono huo.

Mwaka 1879 alivuka bahari tena, akarudi Basel kwenye meza ileile, ambako kiti cha Mary kilikuwa kitupu. Aliendelea kuandika na kuhariri. Baadaye yeye mwenyewe akashikwa na kifua kikuu. Nguvu zilipomwishia, alifanya kazi ya gazeti akiwa kitandani. Alilala mautini Basel tarehe 21 Oktoba 1883, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa huko akingojea asubuhi ya ufufuo.

Kuna majira ambayo Mkristo huomba na moyo ukabaki mzito, huimba na machozi yasikauke. Maisha ya Andrews yanaonyesha kwamba ganzi ya moyo si lazima iwe dalili ya kumwacha Mungu. Huzuni inaweza kuondoa hisia, na imani ikabaki.

Kwa majadiliano: Soma Zaburi 73:23-26 na Isaya 41:13. Katika mafungu haya, ni nani amemshika mwenzake mkono? Jambo hilo linampa tumaini gani mtu ambaye mkono wake umekufa ganzi? Je, darasa lenu linaweza kumsaidiaje mshiriki aliyefiwa, bila kumlazimisha aonekane mwenye furaha?