Maisha ya Paul Müller, Aliyegundua Nguvu ya D.D.T.

Wengi wetu husema kwamba dawa ya mbu itokayo katika mmea ni salama, na ile ya kiwandani ni sumu. Maisha ya Bwana huyu yaonyesha kwamba jambo lenyewe si jepesi hivyo.

Paul Hermann Müller alizaliwa tarehe 12 Januari, 1899, katika mji wa Olten, nchi ya Uswisi. Mwaka 1916 aliacha shule akafanya kazi katika maabara. Baadaye akarudi darasani (habari njema kwa waliochelewa masomo!), na mwaka 1925 akapata shahada ya udaktari wa kemia katika Chuo Kikuu cha Basel. Mwaka ule ule akaajiriwa na kampuni ya J. R. Geigy.

Mwaka 1935 alianza kutafuta dawa ya wadudu. Siku zile dawa nzuri ilikuwa pareto, unga wa maua yaliyolimwa hata huku kwetu Kenya. Pareto humwangusha mbu upesi, wala haimdhuru sana mtu, lakini ilikuwa ghali, na jua huimaliza nguvu mara moja. Dawa za aseniki nazo zaweza kumwua mtu kama mdudu. Müller alitaka dawa ya bei rahisi, isiyomdhuru mtu, na zaidi ya yote, idumuyo.

Aliwatia nzi katika sanduku la kioo, akawajaribia dawa moja baada ya nyingine. Dawa 349 hazikumfaa. Ya 350, mwezi wa Septemba 1939, iliwaua kwa kuigusa tu. Akalisafisha sanduku, akatia nzi wengine, nao wakafa! Dawa hiyo ilikuwa D.D.T. Othmar Zeidler alikuwa ameitengeneza tangu 1874, asijue kwamba yaua wadudu.

Wakati wa vita, huko Napoli, watu zaidi ya milioni moja walipakwa unga wake, na homa iletwayo na chawa ikakomeshwa. Kuta za nyumba zilipopulizwa, mbu waliotua juu yake walikufa kwa miezi mingi, na wengine walikataa hata kuingia. Mwaka 1948 Müller alipewa Tuzo ya Nobel ya utabibu, ingawa hakuwa mganga.

Lakini kudumu kule alikokutafuta ndiko kulikoleta matata. D.D.T. ilimwagwa mashambani kwa eropleni, ikabaki udongoni na majini, ikaingia katika samaki, kisha katika ndege walao samaki. Maganda ya mayai yao yakawa membamba, yakavunjika kabla ya vifaranga kutoka. Rachel Carson wa Marekani aliandika kitabu juu ya hatari hiyo mwaka 1962. Müller alifariki Basel mwezi wa Oktoba, 1965. Marekani iliikataza dawa yake mashambani mwaka 1972, na Mapatano ya Stockholm ya mwaka 2001 yakaiacha kwa kuzuia magonjwa yaletwayo na wadudu tu. Naona hayo ni haki, maana ukuta si shamba.

Nayo pareto, ingawa ni ua, ikimwagwa mtoni huua samaki. Wanakemia waliiga sumu yake wakaifanya ivumilie jua. Dawa za namna hiyo ndizo zitiwazo katika vyandarua vyetu, na mbu wa sehemu nyingi wamekwisha anza kuzizoea.