Kamaraj na Chakula cha Mchana Shuleni

Ndugu msomaji, labda wewe pia uliacha shule ukiwa mtoto. Labda baba alifariki. Labda ada ilikosekana. Labda uliambiwa uende kuchunga ng'ombe. Sasa umejifunza kusoma ukiwa mtu mzima, na unasoma ukurasa huu bila kusaidiwa.

Habari hii ni ya mtu aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka kama 12. Baadaye alikuja kuongoza serikali ya jimbo kubwa. Jina lake ni Kamaraj. Lisome taratibu: Ka-ma-raj.

Kamaraj alikuwa mtu wa India, upande wa kusini. Siku zile jimbo lake liliitwa Madras. Tangu mwaka 1969 linaitwa Tamil Nadu, na wenyeji wake husema Kitamili. India iko ng'ambo ya bahari hii yetu ya mashariki. Watu wa huko hulima mpunga, hufuga ng'ombe, hupanda minazi. Kwa hiyo mambo mengi ya habari hii hayatakuwa mageni kwako.

MTOTO WA VIRUDHUNAGAR

Kamaraj alizaliwa tarehe 15 Julai 1903 katika mji wa Virudhunagar. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nazi. Walikuwa watu wa jamii ya Nadar. Tangu zamani Wanadar wengi walikuwa wagema. Walipanda mivumo mirefu, wakagema tembo, wakatengeneza na sukari.

Huko India watu waligawanywa katika matabaka tangu kuzaliwa. Mtoto wa mfinyanzi alitazamiwa awe mfinyanzi. Mtoto wa mgema alitazamiwa awe mgema. Wanadar walidharauliwa sana. Walikatazwa hata kuingia katika mahekalu mengi ya dini yao wenyewe. Likumbuke jambo hili, msomaji, maana tutalirudia.

Wanadar wa Virudhunagar hawakukaa tu na kulalamika. Walijenga shule yao. Je, fedha walizipata wapi? Kila mama alipotaka kupika wali, alichota konzi moja ya mchele na kuiweka kando. Mchele wa nyumba zote ulikusanywa, ukauzwa, na fedha zake zikasaidia kuendesha shule. Watoto hawakulipa ada. Kamaraj alisoma katika shule hiyo, shule ya konzi za mchele.

Lakini hakuendelea sana. Baba yake alifariki Kamaraj akiwa na miaka 6. Mama yake, Sivakami, alibaki na watoto wawili, Kamaraj na dada yake. Maisha yakawa magumu. Ilipofika darasa la sita, mtoto akaacha shule akaenda kufanya kazi katika duka la nguo la mjomba wake.

Dukani alipima vitambaa, huku masikio yake yakiwa kwenye mazungumzo ya watu. Alisoma magazeti. Jioni alikwenda kusikiliza mikutano. Mwaka 1919 zilifika habari za kutisha kutoka mji wa Amritsar, kaskazini. Askari wa serikali ya Waingereza walikuwa wamewapiga risasi watu waliokusanyika bila silaha. Mamia walikufa. Kamaraj hakuwa ametimiza miaka 16. Akaingia katika chama cha Congress, chama kilichopigania uhuru chini ya Mahatma Gandhi.

GEREZANI

Mwaka 1930 Gandhi aliongoza watu kwenda pwani kutengeneza chumvi. Unaweza kushangaa, kosa gani kuokota chumvi ya bahari? Sheria ya wakoloni ilikataza. Chumvi ilikuwa mali ya serikali na ilitozwa kodi, hata kwa maskini. Upande wa kusini, matembezi ya chumvi yaliongozwa na wakili mmoja mwenye elimu kubwa, jina lake Rajagopalachari. Kamaraj alikuwa miongoni mwa waliomfuata. Akakamatwa, akafungwa kwa mara ya kwanza.

Alifungwa mara sita kwa jumla. Ukihesabu siku zote, ni kama miaka 8 gerezani. Hakuoa. Lakini gerezani alikutana na watu waliosoma, akasoma vitabu, akajiongezea elimu aliyoikosa utotoni. Wewe unayesoma kisomo usiku baada ya kazi ya shamba utamwelewa.

NUSU SIKU DARASANI

India ilipata uhuru tarehe 15 Agosti 1947. Katika jimbo la Madras watoto walikuwa wengi, shule chache, na fedha kidogo. Mwaka 1952 Rajagopalachari akawa Waziri Kiongozi wa jimbo, yule yule aliyeongoza matembezi ya chumvi.

Mwaka 1953 alileta mpango mpya kwa shule za msingi za vijijini. Mtoto atasoma saa tatu tu kwa siku. Kundi moja litaingia asubuhi, la pili litaingia baadaye. Saa zinazobaki, mtoto atakaa na wazazi wake ajifunze kazi yao. Hivyo chumba kimoja na mwalimu mmoja wangefundisha watoto mara mbili.

Mimi naona Rajagopalachari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hesabu ngumu mbele yake. Na kazi ya mikono ni jambo jema. Hakuna asiyelijua hilo kijijini. Lakini jiulize swali hili. Mtoto wa mgema atajifunza nini kwa baba yake? Atajifunza kugema. Mtoto wa mfagiaji je? Atajifunza kufagia. Na mtoto wa wakili atajifunza uwakili nyumbani. Tena mpango huu uliwekwa vijijini, na watoto wa mjini wakaendelea kusoma siku nzima.

Watu walikasirika sana. Walisema serikali inataka kuwarudisha watoto wao katika matabaka ya zamani. Mikutano na maandamano yakaenea jimbo zima. Hata ndani ya chama cha Congress wengi waliupinga mpango huo. Mwaka 1954 Rajagopalachari akajiuzulu.

Wajumbe wa chama wakamchagua Kamaraj. Tarehe 13 Aprili 1954 mtoto wa duka la nguo akawa Waziri Kiongozi. Mpango wa nusu siku ukafutwa mwaka huo huo. Hakuwafukuza wapinzani wake. Subramaniam, aliyeshindana naye kutaka uongozi, ndiye aliyepewa wizara ya elimu. Kamaraj alitaka watu wanaoiweza kazi.

NJAA HAINA MASIKIO

Kufuta mpango mbaya ni rahisi. Kujaza madarasa ni kazi nyingine. Serikali ilifungua shule mpya vijijini, hata katika vijiji vidogo, ili mtoto mdogo asitembee mbali. Hata hivyo watoto wengi hawakuja.

Inasimuliwa kwamba siku moja Kamaraj alikuwa safarini kwa gari. Alisimama njiani akamwona kijana mdogo anachunga mifugo. Akamuuliza kwa nini hayupo shuleni. Kijana naye akamuuliza kama huko shuleni atapewa chakula. Kamaraj alikosa jibu.

Fikiri, msomaji. Mtoto yule hakuwa mvivu wala mkaidi. Akichunga, mwenye mifugo humpa chakula. Akienda shule, atashinda njaa. Serikali imejenga darasa, imeajiri mwalimu, imefuta ada, lakini tumbo la mtoto bado linamwita machungani. Nami katika kazi yangu nimeingia madarasa mengi. Saa sita mchana unamwona mtoto amelaza kichwa juu ya dawati. Mwalimu hudhani amechoka na hesabu, kumbe tangu jana jioni hajaweka kitu kinywani.

Kamaraj aliamua watoto wale shuleni. Jiji la Madras lilikuwa limejaribu jambo hilo katika shule chache miaka ya 1920. Yeye alitaka lifike vijijini. Maofisa wakauliza fedha zitatoka wapi. Lilikuwa swali la haki, maana jimbo lilikuwa maskini, na lilikuwa linahitaji pia mabwawa, umeme na barabara. Inasemekana Kamaraj alijibu kwamba yuko tayari kuacha kazi nyingine zote na kupita akiomba msaada, ili watoto wale.

Mwaka 1956 mpango ulianzishwa katika mji mdogo wa Ettayapuram. Mwanzoni ulitegemea michango ya wananchi. Aliyekuwa na mpunga alitoa mpunga, mwingine alitoa kuni, mwingine akatoa sufuria. Huenda unakumbuka konzi za mchele za akina mama wa Virudhunagar. Mchango ni kitu kizuri, lakini mwaka wa ukame hukauka pamoja na kisima. Kwa hiyo baadaye serikali ilichukua sehemu kubwa ya gharama, na wananchi wakalipa sehemu iliyobaki. Kuanzia mwaka 1961 shirika la CARE la Marekani nalo lilisaidia kwa chakula.

Watoto walikaa chini kwa mistari, mtoto wa mwenye shamba kando ya mtoto wa kibarua. Hapo palikuwa na shida nyingine. Katika vijiji vingi watu wa tabaka la juu hawakukubali kula pamoja na watu wa tabaka la chini. Wali wa shule uliwakalisha pamoja, ingawa si wazazi wote waliopenda.

Kisha ikaonekana tofauti ya nguo. Mmoja ana shati safi, mwenzake ana matambara, naye anaona haya kuja. Serikali ikaanza kutoa sare za shule bure kwa watoto maskini. Na ada ikafutwa hatua kwa hatua, kwanza kwa maskini, kisha kwa wote, mpaka mwisho wa sekondari.

Kazi hii haikuwa ya mtu mmoja. Mkurugenzi wa elimu, Sundaravadivelu, alizunguka jimbo lote na kuitisha mikutano ya kuboresha shule. Wanakijiji walikuja na walichonacho: madawati, saa za ukutani, mbao za kuandikia. Wengine walitoa viwanja.

Sisi pia tunaijua habari ya ada. Tanzania ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 1973. Ikarudi katika miaka iliyofuata, ikafutwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waulize wazazi wa kijijini kwako kama ada peke yake ndiyo ilikuwa ikiwazuia watoto.

MAMA NA BOMBA LA MAJI

Siku zote hizo mama yake Kamaraj aliishi Virudhunagar katika nyumba yao ndogo. Inasimuliwa kwamba maofisa wa mji, kwa kutaka kumpendeza mkubwa, walimvutia mama bomba la maji hadi nyumbani. Majirani walikuwa wanachota kwenye bomba la wote. Kamaraj aliposikia, aliamuru bomba liondolewe, mama akachote pamoja na wenzake. Wengine husema alikuwa mkali mno kwa mama yake. Nami nilipoisikia mara ya kwanza nilimhurumia yule mama mzee.

MIAKA YA MWISHO

Mwaka 1963, baada ya miaka 9, Kamaraj aliacha uwaziri kwa hiari yake ili aimarishe chama. Akawa mwenyekiti wa Congress kwa India nzima. Waziri Mkuu Nehru alipofariki mwaka 1964, Kamaraj alikuwa na sauti kubwa katika kumchagua Shastri. Shastri alipofariki mwaka 1966, alisaidia kumchagua Indira Gandhi. Watu walisema yeye mwenyewe angeweza kuutaka Uwaziri Mkuu. Hakuutaka.

Mwaka 1967 uchaguzi ulifika. Mchele ulikuwa haba. Tena vijana wa Kitamili walikuwa na hasira na serikali kuu juu ya lugha ya Kihindi, wakiona wanalazimishwa kuitumia. Kamaraj aligombea kwao Virudhunagar, akashindwa. Aliyemshinda alikuwa kijana, kiongozi wa wanafunzi. Baadhi ya vijana waliompinga mwaka ule walikuwa wamesoma katika shule alizofungua yeye.

Alifariki tarehe 2 Oktoba 1975, siku ya kuzaliwa kwa Gandhi. Alikuwa anaishi katika nyumba ya kupanga. Mwaka uliofuata India ilimpa nishani yake kubwa kuliko zote, ilhali mwenyewe ameshafariki.

Sufuria hazikuepuliwa. Mwaka 1982 Waziri Kiongozi mwingine, Ramachandran, aliupanua sana mpango wa chakula, na maelfu ya wanawake, wakiwamo wajane wengi, walipata kazi ya kupika. Mwaka 2001 Mahakama Kuu kabisa ya India iliamuru majimbo yote yawape watoto wa shule za msingi za serikali chakula kilichopikwa. Na mwaka 2022 serikali ya Tamil Nadu iliona kwamba kumngoja mtoto mpaka mchana ni kuchelewa. Ikaanza kuwapa pia chakula cha asubuhi, kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza.