Guglielmo Marconi na Ushahidi wa Nukta Tatu

Kwa miaka mingi watu wa pwani wameitegemea redio kupata habari za kuandama kwa mwezi wa Ramadhani na wa Idi. Lakini kabla habari hiyo haijatangazwa, aliyeuona mwezi huulizwa: aliuona wapi, saa ngapi, na alikuwa na nani? Habari ya hivi hivi haipokelewi. Ajabu ni kuwa yule aliyeifungulia dunia njia ya redio, Bwana Guglielmo Marconi wa Italia, naye alidaiwa ushahidi wa namna hiyo hiyo, na mpaka leo wataalamu hawajakubaliana juu yake.

Marconi alizaliwa mjini Bologna tarehe 25 Aprili, 1874. Baba yake alikuwa mtu wa mali na mashamba, na mama yake, Annie Jameson, alikuwa Mwairishi. Kijana huyu hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Alisoma habari za Mjerumani Heinrich Hertz, aliyekuwa amethibitisha kwamba yapo mawimbi ya umeme yanayopita hewani bila ya waya, naye akashikwa na hamu ya kuyatumia kupeleka habari. Akafanya majaribio yake nyumbani kwao, katika chumba cha juu.

Mwaka 1895 alimtuma kaka yake, Alfonso, aende na chombo cha kupokea hadi nyuma ya kilima, mahali asipoweza kuonekana. Waliagana kwamba ishara ikifika, Alfonso apige bunduki. Marconi akabonyeza swichi yake, na mara bunduki ikalia ng'ambo ya kilima. Hiyo ndiyo ripoti ya kwanza ya simu ya upepo aliyoipata kutoka mahali asipopaona, nayo ilikuwa ripoti kamili: aliyepokea alijibu papo hapo, na jibu lake likasikika.

Mwaka 1896 alikwenda Uingereza pamoja na mama yake, na huko akapata hati ya kumiliki uvumbuzi wake. Mwaka uliofuata kampuni yake ikaanzishwa. Mwaka 1899 habari zilivuka mlango wa bahari baina ya Ufaransa na Uingereza. Tangu hapo moyo wake ukawa katika bahari ya Atlantiki. Wataalamu wengi walimwambia haiwezekani, kwa kuwa dunia ni mviringo na mawimbi huenda moja kwa moja kama mwanga.

Hakuwasikiliza. Akajenga kituo kikubwa huko Poldhu, kusini-magharibi ya Uingereza. Mnamo Septemba 1901 tufani iliiangusha milingoti yake yote. Akasimamisha mingine michache, kisha akapanda meli kwenda Newfoundland. Alipofika St. John's alipanda kilima kinachoitwa Signal Hill akiwa na maputo na tiara za kuinulia waya. Puto lilichukuliwa na upepo. Tarehe 12 Desemba, 1901, tiara ilirushwa katika upepo mkali ikiwa na waya wa kiasi cha futi 500. Watu wa Poldhu walikuwa wameagizwa kupiga herufi S ya Morse, yaani nukta tatu, tena na tena, katika saa zilizopatanwa.

Marconi alitia kisikilizio sikioni akangoja. Saa sita na nusu mchana alisema anasikia nukta tatu, akampa kisikilizio msaidizi wake, George Kemp, naye akasema anasikia. Daftarini waliandika saa hiyo, na saa mbili nyingine za baadaye. Sauti ilikuwa imetoka zaidi ya maili 2,000.

Magazeti yalipiga mbiu duniani kote. Lakini maswali yakaanza papo hapo. Mashahidi walikuwa wawili tu, Marconi mwenyewe na mtu wake aliyemwajiri. Hapakuwa na karatasi iliyochapwa na chombo. Hapakuwa na mtambo wa kuwajibu watu wa Poldhu. Tena herufi yenyewe ilijulikana tangu kabla, na mtu anayengoja nukta tatu katika kelele za radi anaweza kuzisikia hata zisipokuwapo. Baadaye elimu ya mawimbi ilipokua, wataalamu waliongeza hoja nyingine: mchana mawimbi marefu ya namna ile hufifia sana. Wako wanaoamini kwamba alisikia, na wako wasioamini.

Marconi alilifahamu pengo hilo, na akalitafutia dawa. Mnamo Februari 1902 alisafiri kwa meli iitwayo Philadelphia kutoka Uingereza kwenda Marekani. Safari hii ishara zilichapwa kwenye utepe wa karatasi, na nahodha wa meli akatia sahihi yake. Mchana ishara zilikoma kiasi cha maili 700. Usiku maneno yalisomeka hadi maili 1,551, na nukta tatu hadi maili 2,099. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba usiku huyabeba mawimbi mbali zaidi, jambo ambalo msikilizaji yeyote wa redio ya masafa anaweza kulihakikisha mwenyewe.

Funzo hilo limebakia katika mwenendo wa watu wa redio ya ridhaa, wale wanaozungumza kutoka nyumbani kwao bila ya malipo. Mtu wa ridhaa husikiliza kwanza, kisha huuliza kama mahali hapo pana mtu, ndipo akaita akitaja alama yake. Za Kenya huanza na 5Z4. Akijibiwa, kila mmoja humpa mwenziwe ripoti. Tangu mwaka 1934 ripoti hiyo imekuwa ya tarakimu tatu: ya kwanza, 1 mpaka 5, hueleza kusomeka, ya pili, 1 mpaka 9, hueleza nguvu, na ya tatu, 1 mpaka 9, hueleza usafi wa mlio wa Morse. Anayepewa 599 amefika vizuri kabisa. Saa na ripoti huandikwa daftarini, na baadaye hupelekeana kadi za uthibitisho. Asiyeipata alama ya mwenziwe sawasawa hahesabu kuwa wamezungumza.

Sifa za Marconi zisifiche makosa yake. Kampuni yake ilikuwa ikiwakataza watu wake kujibu meli zenye mitambo ya kampuni nyingine, mpaka mataifa yalipokutana Berlin mwaka 1906 na kuamua kwamba kila kituo cha pwani kizungumze na kila meli. Hata hivyo ilipozama Titanic mwaka 1912, ni vijana wawili wa kampuni yake walioita msaada, na watu zaidi ya 700 wakaokolewa na meli ya Carpathia. Meli nyingine iliyokuwa karibu haikusikia, kwa kuwa mtu wake wa simu ya upepo alikuwa amezima chombo akalala. Tangu hapo sheria zikataka usikilizaji wa usiku na mchana.

Mwaka 1909 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Karl Ferdinand Braun. Lakini mwaka 1923 alijiunga na chama cha Mussolini, na Italia ilipoivamia Uhabeshi mwaka 1935 aliitetea vita hiyo hadharani. Nchi ile iliyowapa hifadhi masahaba wa mwanzo ilinyeshewa sumu kutoka angani, na mtu aliyetumia umri wake kuunganisha mataifa akasimama upande wa mnyeshaji.

Alifariki Roma tarehe 20 Julai, 1937. Vituo vya redio vya nchi nyingi vilizimwa kwa dakika mbili kwa heshima yake. Kazi yake imewafaa mabaharia na wasafiri wasiohesabika. Kuhusu nukta tatu za Signal Hill, mkweli alikuwa au masikio yalimdanganya, Mungu ndiye ajuaye. Lililo wazi ni kwamba hakutosheka na kuaminiwa kwa jina lake: alirudi baharini akaleta karatasi yenye sahihi ya shahidi.