Ahmad bin Majid, Rubani Aliyesingiziwa

Ahmad bin Majid alizaliwa katika karne ya 15 huko Julfar, mji ambao leo ni Ras al-Khaimah katika Ghuba. Baba yake na babu yake walikuwa warubani waliosifika katika Bahari ya Shamu, na baba aliacha utenzi mrefu juu ya njia za bahari hiyo. Hivyo mtoto alirithi usukani na kalamu kwa pamoja. Mwaka 1462 alimaliza utenzi wake uitwao Hawiya, na mwaka 1490 akakamilisha kitabu chake mashuhuri, Fawaid. Humo alieleza nyota, pepo za misimu, dalili za nchi kavu, na jinsi impasavyo rubani kuangalia chombo na watu wake.

Miongoni mwa tungo zake umo Sofaliya, juu ya njia ya kwenda Sofala. Njia hiyo, kutoka Kilwa, hupita pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, penye Tungi, Mocímboa da Praia na visiwa vya Kerimba. Pwani hiyo haina mzaha. Mkondo mkuu utokao mashariki hugawanyika karibu na Rasi ya Delgado, tawi moja likaenda kaskazini na jingine kusini. Aidha, kusini ya rasi hiyo kaskazi na kusi hupungua uthabiti wake. Baharia hana budi kugeuza chombo mara kwa mara kati ya miamba.

Kugeuza huko ndiko mtihani wa unahodha. Jahazi lenye tanga moja kubwa halielekezwi omo kwenye upepo, kwani tanga litabanwa kwenye mlingoti. Nahodha huupa upepo tezi. Demani hulegezwa, foromali husimamishwa wima, nalo tanga huzungushwa kwa mbele hadi upande wa pili. Mara linapojaa upya, watu huhamia joshini, yaani upande utokako upepo, ili uzito wao ushindane na nguvu ya tanga. Katika ngalawa, baharia hutoka hata akakaa juu ya mrengu. Anayehama mapema huelemea upande usiostahili, anayechelewa huogelea. Farumi nayo hupangwa chini, imara, isije ikahama yenyewe. Nyota husomwa kwa macho, lakini mizani ya chombo husomwa kwa nyayo.

Jina la bin Majid lilitiwa doa baada ya kufa kwake. Katika karne ya 16, mwanahistoria wa Makka, Qutb al-Din al-Nahrawali, aliandika kwamba ndiye aliyemwonyesha Vasco da Gama njia ya India, tena akiwa amelewa. Lakini Wareno wenyewe, Castanheda na Barros, walimtaja rubani wa Kigujarati, aliyepatikana Malindi mwezi Aprili 1498.

Wiki chache kabla ya hapo, mambo ya pwani ya Cabo Delgado yalionyesha ukweli ulivyo. Rubani mmoja aliyechukuliwa Kisiwa cha Msumbiji alipigwa mijeledi penye visiwa vya Kerimba, kwa kusema kuwa visiwa hivyo ni bara. Kisha merikebu zile zenye mizinga zikaipita Kilwa, na zilipojaribu kuirudia, upepo ukazikatalia. Mijeledi haikuweza kumfundisha mgeni bahari asiyoijua.

Basi ni dhuluma kumtwisha mzee mmoja lawama ya maafa yaliyoipata pwani nzima. Elimu ya bahari haikuwa ufunguo mfukoni mwa mtu mmoja. Ilikuwa mali ya mabaharia wengi, kuanzia Gujarati hadi Sofala. Bin Majid aliikusanya sehemu iandikikayo, na amiri wa Kituruki Sidi Ali aliitumia katika kitabu chake cha mwaka 1554. Sofaliya yenyewe ilichapishwa Leningrad mwaka 1957. Sehemu isiyoandikika ilibaki kwa wana wa pwani, wakirithishana kila tanga lilipogeuzwa.